SOMO KWA MADEREVA NA MAFUNDI: Taa ya Upepo wa Matairi Huwaka Lini?



Masomo yetu kwa madereva na mafundi yanaendelea. Leo tunazungumzia taa ndogo ya manjano ambayo wengi wameiona kwenye dashibodi, lakini wachache wameelezwa maana yake. Umbo lake ni kama chungu kilichokatwa katikati, na ndani yake mna alama ya mshangao. Hiyo ni taa ya onyo la upepo wa matairi. Katika kitabu cha gari, mtambo wake huandikwa kwa herufi TPMS.

Huenda ukasema: "Mimi nina baiskeli tu, taa hii hainihusu." Inakuhusu. Siku moja utapanda gari kumsindikiza mgonjwa hospitali ya wilaya, au utakaa mbele karibu na dereva katika safari ndefu. Ukiiona taa hiyo inawaka na dereva anaendelea kana kwamba hakuna kitu, ni haki yako kuuliza. Ili uulize vizuri, lazima ujue.

Baada ya somo hili utaweza kueleza mambo manne:
- taa hii huwaka upepo ukipungua kiasi gani;
- kwa nini huwaka asubuhi na kuzimika mchana;
- kwa nini taa iliyozimika si ushahidi kwamba matairi ni mazima;
- ufanye nini ikiwaka ukiwa njiani.

1. KWA NINI UPEPO MDOGO NI HATARI

Watu wengi hudhani kwamba mpira ndio unaobeba gari. Sivyo. Kinachobeba gari ni hewa iliyobanwa ndani ya mpira. Hewa ikipungua, ubavu wa tairi hukunjika na kunyooka kila gurudumu linapozunguka. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua haraka mara nyingi, kisha ukiguse: utakuta kimepata joto. Tairi nalo ni hivyo hivyo. Linapata joto kutoka ndani, na joto hilo hulegeza tabaka za mpira, nyuzi na waya zilizogandishwa pamoja kiwandani. Mwisho tabaka huachana, tairi hupasuka, na gari lililojaa watu huweza kupinduka.

Tairi lenye upepo mdogo hupasuka zaidi pale palipo na mambo matatu kwa pamoja: mzigo mzito, mwendo mkali na joto la mchana. Mara nyingi safari zetu zina yote matatu.

2. USICHANGANYE NAMBA HIZI TATU

Namba ya kwanza iko kwenye kibandiko. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Hapo mtengenezaji wa gari ameandika upepo unaotakiwa tairi likiwa baridi. Hii ndiyo namba ya kufuata.

Namba ya pili imeandikwa ubavuni mwa tairi. Hiyo si upepo wa kujaza kila siku. Inaeleza upeo ambao tairi lenyewe limeruhusiwa kubeba. Mwenye kujaza upepo kwa kusoma ubavu wa tairi anakosea.

Namba ya tatu haijaandikwa popote unapoweza kuiona. Ni kiwango cha onyo, yaani upepo ambao ukifikiwa taa inawaka. Namba hii iko ndani ya kompyuta ya gari, nayo ndiyo kiini cha somo letu.

Kumbuka pia vipimo. Geji nyingi hapa husomeka kwa psi. Wenzetu waliotoka Kongo na Burundi wamezoea kuhesabu kwa bari. Bari 1 ni sawa na psi 14.5. Kwa hiyo bari 2 ni psi 29, na bari 2.5 ni psi 36 hivi.

3. KIWANGO CHA ONYO HUHESABIWAJE

Kwa magari yaliyotengenezwa kufuata sheria ya Marekani, taa lazima iwake upepo wa tairi lolote kati ya manne ukipungua kwa asilimia 25 au zaidi chini ya namba ya kibandiko. Mtambo umepewa muda usiozidi dakika 20 za mwendo kugundua hali hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua namba ya kibandiko, gawa kwa 4, kisha toa jibu hilo kwenye namba ya kwanza:

- Kibandiko psi 32: taa huwaka kwenye psi 24.
- Kibandiko psi 36: taa huwaka kwenye psi 27.
- Kibandiko psi 40: taa huwaka kwenye psi 30.
- Kibandiko psi 44: taa huwaka kwenye psi 33.

Magari ya Ulaya yana kanuni kali zaidi kidogo. Huko taa lazima iwake upepo ukipungua kwa asilimia 20, na asilimia hiyo hupigwa kwenye upepo wa tairi likiwa limeshapata joto la safari, si likiwa baridi. Tairi la psi 36 likifika psi 40 kwa joto la safari, asilimia 20 ya 40 ni 8, basi taa huwaka kwenye psi 32 ya joto. Tairi likipoteza upepo kwa pancha, mtambo wa Ulaya unatakiwa kutoa onyo ndani ya dakika 10.

Mtengenezaji anaruhusiwa kuiwekea taa kiwango cha juu kuliko sheria inavyodai, ili iwake mapema zaidi. Haruhusiwi kuichelewesha.

Sasa tazama tena mfano wa psi 36. Kati ya 36 na 27 kuna psi 9. Ndani ya eneo hilo tairi lina upungufu, lakini taa haisemi neno. Sisi tuliite ENEO LA KIMYA. Tairi zima lisilo na pancha hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi bila mtu kuligusa. Kwa hiyo gari linaweza kutembea miezi minne, mitano, hata zaidi, likiwa na upungufu unaoongezeka, na taa imezimika muda wote.

4. KIWANGO HIKI KILITOKA WAPI

Kilitokana na vifo. Katika miaka ya 1990 huko Marekani, baadhi ya matairi ya Firestone, yaliyofungwa hasa kwenye magari ya Ford Explorer, yalikuwa yakibanduka ngozi ya juu gari likiwa kwenye mwendo, na magari yakapinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Mwezi Agosti 2000 mamilioni ya matairi hayo yalirudishwa kiwandani. Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria, ikatiwa saini Novemba 2000, na sehemu moja ya sheria hiyo ilidai kila gari jipya dogo liwe na kifaa cha kumwonya dereva kuhusu upepo mdogo.

Ndipo mabishano yakaanza: mdogo kiasi gani? Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilitoa kanuni yenye njia mbili. Mtengenezaji angeweza kuchagua mtambo unaochunguza matairi yote manne kwa asilimia 25, au mtambo wa bei nafuu wa asilimia 30 ambao ungetosha ukigundua tairi moja tu. Watetezi wa usalama wa wananchi walikwenda mahakamani. Mwaka 2003 mahakama ikasema njia ile ya pili haikubaliki, kwa sababu matairi ya gari moja mara nyingi hupungua upepo kwa pamoja. Kanuni mpya ilitoka mwaka 2005: matairi yote manne, asilimia 25. Kuanzia Septemba 2007 magari yote mapya madogo yanayouzwa huko yana taa hii. Ulaya ilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya dogo linalouzwa huko linayo.

Magari mengi yanayoletwa kwetu yakiwa yametumika Japani hayana mtambo huu, na vivyo hivyo magari mengi ya kazi ya zamani. Kwa hiyo usishangae ukiikosa taa hiyo kwenye gari moja na kuikuta kwenye jingine.

5. KWA NINI TAA HAIWAKI MAPEMA ZAIDI

Msomaji makini atauliza: kama psi 36 ndiyo sahihi, kwa nini taa isiwake ikifika 34?

Sababu ni kwamba upepo wa tairi haukai mahali pamoja. Hewa ikipata joto husukuma zaidi, ikipoa hulegea. Kwa matairi ya gari dogo, kila badiliko la nyuzi 6 hivi za Selsiasi huleta badiliko la psi 1. Taa ingekuwa karibu sana na namba ya kibandiko, ingewaka kila asubuhi ya baridi na kuzimika kila mchana. Dereva angeizoea. Na onyo lililozoeleka halimwonyi mtu tena. Mnajua kisa cha mchunga mbuzi aliyepiga kelele za chui kila siku mpaka watu wakaacha kutoka majumbani.

Basi kiwango cha onyo ni mapatano: kisiwe juu sana hata kikawa kelele, kisiwe chini sana hata kikachelewa. Lakini mapatano hayo yana gharama, na gharama hiyo ni eneo la kimya. Taa imewekwa ili kukuepusha na ajali. Haikuwekwa ili kukupunguzia kazi ya kupima upepo.

6. TAA INAYOWAKA ASUBUHI NA "KUPONA" MCHANA

Hapa ndipo madereva wengi hudanganyika, kwa hiyo soma polepole.

Chukua gari ambalo kibandiko chake ni psi 36. Tairi moja la nyuma limepungua mpaka psi 28, limepimwa mchana gari likiwa limesimama kivulini. Taa haijawaka, kwa sababu 28 bado ni juu ya 27.

Usiku unaingia. Asubuhi ya Juni au Julai, nyanda za Kasulu na Kibondo huwa baridi. Joto limeshuka kwa nyuzi 12, upepo umeshuka kwa psi 2. Tairi sasa lina psi 26. Dereva anawasha gari saa kumi na mbili asubuhi, anaanza safari, taa inawaka.

Anaendelea. Baada ya saa moja tairi limepata joto la barabara na la kukunjika kwake lenyewe. Upepo umepanda hadi psi 30 au 31. Taa inazimika. Dereva anawaambia abiria: "Mnaona? Ilikuwa baridi tu. Imepona."

Haikupona. Hakuna hata punje moja ya hewa iliyoongezeka ndani ya tairi. Hewa ni ile ile, ila joto limeifanya isukume zaidi. Tena kuna hila nyingine: kadiri tairi linavyokosa upepo ndivyo linavyokunjika zaidi, na kadiri linavyokunjika ndivyo linavyopata joto zaidi. Joto lile lile linaloliharibu tairi ndilo linaloinua kipimo na kuzima taa. Mgonjwa anaficha ugonjwa wake mwenyewe.

Kanuni ya kushika: TAA IKIWAKA ASUBUHI NA KUZIMIKA MCHANA, PIMA UPEPO SIKU HIYO HIYO. Baridi haikuleta upungufu, imeufichua tu.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, maana yake gari limesimama saa 3 au zaidi, au halijakwenda hata kilomita 2. Na usipunguze kamwe upepo wa tairi lenye joto kwa sababu geji imeonyesha namba kubwa kuliko kibandiko. Likipoa litakuwa pungufu.

7. MITAMBO YA AINA MBILI

Mtambo wa kwanza hupima upepo wenyewe. Ndani ya kila gurudumu, nyuma ya valvu, mna sensa ndogo yenye betri yake na redio yake. Hutuma namba kwenye kompyuta ya gari. Betri hiyo hudumu miaka 5 hadi 10 hivi, na kwa kawaida haibadilishwi peke yake. Hununuliwa sensa nzima.

Mtambo wa pili haupimi upepo hata kidogo. Unahesabu mizunguko ya magurudumu kwa kutumia vifaa vya breki za ABS. Tairi lililopungua upepo huwa fupi kidogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake kwa umbali ule ule. Kompyuta inalinganisha na kugundua.

Mtambo huu wa pili una udhaifu mkubwa: unajua tu kile ulichofundishwa. Una kitufe au sehemu ya kubonyeza, mara nyingi pameandikwa SET. Ukibonyeza, unaiambia kompyuta: "Hali ya matairi ilivyo sasa ndiyo sahihi." Dereva anayebonyeza SET ili taa izimike, bila kujaza upepo, anaifundisha kompyuta uongo. Tuseme matairi yana psi 27. Akibonyeza, kompyuta itaishika 27 kuwa ndiyo sawa, na asilimia 20 ya kupungua itahesabiwa kutoka hapo. Taa haitawaka tena mpaka tairi lifike psi 22 hivi. Dereva huyo amejikatia mwenyewe kamba ya kuokolewa.

Utaratibu ni mmoja tu: KWANZA PIMA, KISHA JAZA, NDIPO UBONYEZE.

8. TAA HAIJUI UMEBEBA NINI

Tazama kibandiko tena. Magari mengi yana safu mbili: upepo wa watu wachache, na upepo wa gari lililojaa watu na mizigo. Kwa mfano, matairi ya nyuma yanaweza kuandikiwa psi 33 kwa watu wachache na psi 41 kwa mzigo kamili.

Katika magari mengi kiwango cha onyo kimewekwa kwa namba moja tu. Kompyuta haijui kwamba leo umebeba watu saba na magunia. Kama kiwango kimehesabiwa kutoka psi 33, taa itawaka ikifika 25 hivi. Lakini kwa mzigo uliobeba, ulihitaji 41. Eneo la kimya, ambalo lilikuwa psi 8, sasa limekuwa psi 16. Kwa hiyo kabla ya safari ya mzigo, geji ndiyo ya kuaminiwa, si taa.

Vilevile taa haihesabu tairi la akiba katika magari mengi. Tairi la akiba lipime mwenyewe.

9. TAA IKIWAKA UKIWA NJIANI

- Usishtuke na usikanyage breki ghafla. Punguza mwendo taratibu, shika usukani kwa mikono miwili.
- Tafuta mahali salama pa kusimama, nje ya njia, si kwenye kona wala mteremko.
- Zunguka gari na kutazama matairi yote. Lakini usiridhike na jicho. Matairi ya siku hizi yakipungua robo nzima ya upepo huweza kuonekana kama mazima.
- Pima kwa geji. Ikiwa huna, endesha polepole hadi mahali pa karibu penye geji na pampu.
- Tairi likiwa limelala, usiendelee. Weka la akiba.
- Ukisha kujaza, taa inaweza kuchelewa kuzimika. Endesha dakika kadhaa kwa mwendo wa kawaida ndipo kompyuta ipate habari mpya.

Ikiwa ulipunguza upepo makusudi ili kuvuka tope au mchanga, taa itawaka, na ina haki. Jaza tena mara tu ufikapo barabara ngumu.

Tambua pia lugha ya pili ya taa hii. Ikiwaka na kubaki, upepo umepungua. Ikimweka kwa dakika moja hadi moja na nusu na kisha kubaki imewaka, mtambo wenyewe ni mbovu: sensa imekufa, au gurudumu halina sensa. Hapo huna mlinzi, na kila asubuhi lazima upime kwa mkono.

10. KWA MAFUNDI

Kabla ya kung'oa tairi, uliza au tazama kama lina sensa. Usianze kubandua tairi kwa chuma karibu na valvu. Hapo ndipo sensa ilipo na huvunjika kirahisi. Rudisha kifuniko cha valvu kila mara, kwa sababu vumbi na maji huila valvu. Ukilazimika kuweka tyubu ndani ya gurudumu lenye sensa, lazima sensa itolewe, na mwenye gari aambiwe waziwazi kwamba gurudumu hilo halina onyo tena. Usimfiche.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kibandiko kinasema psi 40. Umepima matairi yakiwa baridi ukapata 33, na taa imezimika. Je, gari liko tayari kwa safari?
2. Taa iliwaka alfajiri ikazimika saa nne. Ufanye nini?
3. Mwenzako anakuambia bonyeza SET, taa itazimika. Umjibu nini?

MAJIBU

1. Hapana. Liko katika eneo la kimya. Taa itawaka kwenye 30, lakini upungufu wa psi 7 upo sasa. Jaza hadi 40.
2. Pima siku hiyo hiyo. Likiwa bado na joto na namba iko chini ya kibandiko, jaza hadi namba hiyo, kisha pima tena kesho yake likiwa baridi. Tafuta pia kama kuna pancha ndogo.
3. Kwanza tupime, kisha tujaze, ndipo tubonyeze.

Ndugu dereva, geji ndogo ya mkononi hukaa mfukoni na haihitaji betri. Ipime tairi zako zote tano angalau mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ya mzigo. Nawe ndugu abiria, ukiiona taa ya chungu chenye alama ya mshangao, mwulize dereva kwa heshima: "Ndugu dereva, umepima upepo leo?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Mkate somo hili, mlibandike karakana, na mumsomee asiyejua kusoma.